Salamu za Daktari Mkononi

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi ambayo jina lake limebadilishwa mara nne, kwa hiyo si vizuri kulitaja, maana huenda asubuhi hii limebadilishwa tena. Nchi hiyo ilikuwa na mtambo mkubwa wa umeme wa atomu kando ya ziwa, na siku moja mtambo huo ulipiga chafya.

Hakuna aliyesema ulilipuka. Neno hilo lilipigwa marufuku jioni ile ile, kabla moshi haujatulia, kwa tangazo lililosomwa redioni na mtu aliyekuwa akikohoa. Paa la mtambo liliruka likaangukia soko la samaki. Majani ya miti yaligeuka mekundu katikati ya masika. Mbuzi walizaa vitu ambavyo mbuzi wenyewe walivikimbia. Lakini kwa mujibu wa sheria, mtambo ulipiga chafya tu. Na kwa kuwa mtu akipiga chafya walio karibu humwambia "Afya!", Serikali, ambayo haikosi adabu, iliamua kuwapa watu wa ziwani afya. Ikaunda kamati.

Watu wenyewe walihamishwa mbali na hatari, kilomita nne nzima, upande ule ule ambao upepo wa ziwa huelekea. Mahali hapo paliitwa Makazi Mapya ya Tumaini. Yakazungushiwa uzio wa waya, tumaini lisije likatoroka.

Humo ndani aliishi Bibi Siwatu, mfinyanzi wa mitungi, pamoja na mjukuu wake Mashavu, mtoto wa miaka tisa. Mama yake Mashavu alikuwa mfagizi kwenye mtambo. Siku ya chafya alikuwa zamu, na ufagio wake ndio uliorudi.

*

Kamati ilikaa miaka mitatu. Ilifanya warsha kumi na nne katika hoteli moja iliyokuwa upande wa pili wa nchi, ambako upepo wa ziwa haujawahi kufika. Wajumbe walibuni, na walipochoka kubuni wakala sambusa. Kwenda Tumaini kuwauliza watu hali zao hawakwenda, kwa sababu kanuni ya tatu ya kamati ilisema kwamba mgonjwa hana utaalamu wa ugonjwa wake.

Mwaka wa nne walikuja. Walikuwa wamevaa nguo nyeupe za mpira kuanzia kichwani hadi unyayoni, na usoni wameweka vioo. Mkuu wao, Injinia Profesa Kitunga, aliinama akaingia kwa Bibi Siwatu, na Bibi Siwatu akamwonea huruma, maana jua lilikuwa kali na yule mtu alikuwa akitota jasho kama aliyefungiwa ndani ya mfuko. Akachota maji kwa kata kutoka mtungi wa ndani, ule wa wageni.

"Karibu maji, baba."

Injinia aliruka nyuma hadi akagonga mlango. "Usinisogelee, mama! Yaani... asante. Nimefunga."

"Umefunga? Mwezi gani huu tunaofunga?"

"Nimefunga tu," alisema, na nyuma ya kioo alikuwa akimumunya peremende.

Kisha akachovya kipima mionzi kwenye kata ile ile. Kipima kikapiga yowe mithili ya nguruwe aliyeshikwa mguu. Injinia akakitazama, akakitikisa, akakitoa betri, kikanyamaza.

"Kimechoka na safari," alisema, akaandika kwenye fomu yake.

Bibi Siwatu alisoma mpaka darasa la nne, lakini neno aliloliandika yule mtu alilijua. Aliandika: *Maji: salama.* Bibi akabaki na kata mkononi. Akajiambia labda wasomi wana sababu zao, akayarudisha maji mtungini, kwa kuwa hayakuwepo mengine.

Nje watu walikusanywa. Injinia akanyanyua kishikwambi kilichotiwa kwenye fremu ya plastiki ya kijani.

"Huyu ni Daktari Mkononi! Kila nyumba itapata wake. Hahitaji dawa. Hahitaji kitanda. Hahitaji kulala."

"Na mgonjwa je?" aliuliza Mzee Ngoda, jirani yake Bibi Siwatu na mtani wake wa miaka arobaini.

"Mgonjwa naye hatahitaji," alisema Injinia, na wajumbe wakapiga makofi ya mpira.

Akaeleza. Kila asubuhi Daktari Mkononi atamwita kila mtu kwa jina na kumjulia hali. Mtu akiwa mzima itawaka taa ya kijani. Akiwa mgonjwa itawaka nyekundu, na akipata nyekundu tatu mfululizo atafunguliwa lango la uzio apelekwe Hospitali Kuu. Asipoitika kabisa asubuhi tatu, itawaka nyeusi, na atahesabiwa marehemu. Hapo litakuja gari la Serikali bila kuchelewa kumchukua hadi Hospitali Kuu achunguzwe, ili ithibitike kwamba hakufa kwa chafya.

"Serikali inawajali marehemu wake," alimalizia Injinia kwa uchungu.

*

Sasa, katika nchi hiyo kulikuwa na desturi. Mtu akiulizwa habari, hujibu njema kwanza. Nyumba yake ikiwa inaungua, hujibu: njema, ila nyumba inaungua. Akiwa anatoka kuzika: nzuri, ila tumefiwa. Ndivyo walivyolelewa. Habari mbaya haivamii sikio la mtu. Hubisha hodi kwanza. Njema ni hodi. Neno ila ndilo mgeni mwenyewe.

Daktari Mkononi alikuwa na sauti ya binti mpole, na Bibi Siwatu alimpenda siku ya kwanza.

"Bibi Siwatu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za kuamka?"

"Njema, mama, ila huyu mtoto shingoni ame—"

"Asante. Umesajiliwa: afya njema. Siku njema." Kijani.

"Ngoja, mwanangu, sijamaliza."

Lakini binti alikuwa amekwisha kumgeukia mwingine. "Mashavu, habari za kuamka?"

"Nzuri, dada, ila nikimeza mate pana—"

"Asante. Umesajiliwa: afya njema."

Ilikuwa hivyo kila nyumba. Mzee Ngoda, ambaye tangu chafya alikuwa akitema damu kwenye leso, alikuja kuketi mlangoni kwa Bibi Siwatu akicheka mpaka akakohoa.

"Siwatu, we mwanamke, leo nimepona tena! Mara ya mia na ishirini tangu mwaka uanze. Hakuna mganga aliyewahi kuniponya mara nyingi hivi."

"Ungeanza na ile damu, Ngoda."

"Nianze na damu? Mtu amenisalimu vizuri nimtemee damu? Mimi sikulelewa na fisi."

Shingoni mwa Mashavu kulikuwa na uvimbe. Mwanzo ulikuwa kama punje ya karanga, na ukafika ukubwa wa yai la njiwa. Bibi alimpeleka zahanati kwa Nesi Felista, ambaye alikuwa amebaki na meza, pamba, na mikono yake miwili. Nesi Felista alikuwa na tabia moja: kabla ya kumgusa mtoto alisugua viganja mpaka vikapata moto. Bibi Siwatu aliiona tabia hiyo na akaiweka moyoni.

Nesi aliushika uvimbe taratibu. Kisha akaanza kupanga pamba iliyokuwa imeshapangwa.

"Niambie, mwanangu."

"Bibi, ukikatwa mapema, anapona. Nimeona wengi waliopona. Ukichelewa..." Akasogeza pamba tena. "Lakini mimi sina kalamu siku hizi. Rufaa anaandika yule." Akaonyesha kishikwambi ukutani. "Nilimwita nimwambie kuhusu Mashavu. Akaniuliza, habari za kazi? Na mdomo, Bibi, mdomo ukajibu wenyewe. Nzuri. Akafunga faili."

Walitazamana, wakataka kucheka, wakashindwa.

Kesho yake, kabla ya salamu, Bibi Siwatu alimketisha mjukuu wake kwenye mkeka. "Leo ukiulizwa, jibu mbaya."

Mashavu alishtuka. "Bibi! Si utasema sina adabu?"

"Leo nakuruhusu."

"Mashavu, habari za kuamka?"

"Mbaya," alisema mtoto, akaficha uso.

"Samahani, sijaelewa. Habari za kuamka?"

"Mbaya, dada."

"Samahani, sijaelewa. Habari za kuamka?"

Kumbe neno hilo hakuwa nalo. Kule hotelini wajumbe walimfundisha kwa kusalimiana wao kwa wao, warsha kumi na nne, asubuhi kwa jioni, na katika salamu zote hizo hakuna hata mmoja aliyejibu mbaya. Wangejibuje? Walikuwa watu wa heshima. Nao walipochunguza kazi yao waliona hakuna neno lililosahaulika.

Mara ya saba sauti iliuliza kwa upole ule ule, na Mashavu, aliyekuwa na moyo wa nyanya yake, akashindwa kumtesa mwenzake.

"Basi nzuri, dada. Usihangaike."

Kijani.

*

Mwezi uliofuata alifariki Shebe, fundi baiskeli wa nyumba ya tatu. Ndugu zake walitaka kumzika jioni ile ile, wakakatazwa. Hakuwa marehemu bado. Daktari Mkononi alining'inizwa juu ya kitanda chake, na kwa siku tatu za joto alimsalimu. "Shebe, habari za kuamka?" Nzi walimfunika Shebe, kisha wakahamia kwenye kioo, wakatembea juu ya ile taa ndogo iliyokuwa ikimsubiri ajibu. Mjane alikaa nje na kitambaa puani. Bibi Siwatu alimpelekea uji asubuhi zote tatu akakaa naye, na harufu ile haijamtoka puani mpaka leo.

Siku ya tatu taa nyeusi iliwaka. Gari likaja chini ya saa moja. Lilikuwa jeupe, safi, lina mapazia na hewa baridi ndani. Lango likafunguliwa wazi, na askari wa uzio wakapiga saluti. Tangu uzio uwekwe, hakuna mtu hai wa Tumaini aliyewahi kupigiwa saluti pale, wala kufunguliwa. Majibu ya uchunguzi yalirudi baadaye: Shebe alikufa kwa kupenda chumvi.

Bibi Siwatu alilitazama vumbi la gari likitua.

Jumatano likatoka tangazo. Makazi ya Tumaini yamefikia afya asilimia mia moja, kwani waliokufa hawakuwa tena wakazi, na kuwahesabu kungekuwa kuwasumbua. Waziri wa Afya na Furaha angekuja Jumamosi kutoa tuzo na kufunga zahanati, iliyokuwa haina kazi. Nesi Felista angehamishiwa makao makuu, ambako bado kulikuwa na wagonjwa. Na maua ya Waziri yangetolewa na mtoto mwenye afya kuliko wote, aliyejibu nzuri asubuhi mia mbili na kumi na moja bila kukosa. Mtoto huyo alikuwa Mashavu.

Bibi Siwatu akahesabu kwa vidole vyenye udongo: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

"Mjukuu wangu," alisema, "kuanzia kesho usimjibu."

"Nimnyamazie kabisa?"

"Kabisa."

"Atalia, Bibi."

"Halii. Mimi ndiye nitakayelia."

Na kweli alilia. Hakuwahi kumnyima kiumbe salamu. Hata paka wa jirani walikuwa na zamu yao. Alhamisi sauti ilipoita "Mashavu, habari za kuamka?" alimziba mtoto mdomo kwa kiganja, na chini ya kiganja akaisikia ile midomo ikicheza, ikitaka kuitika yenyewe. Ijumaa sauti iliita mara thelathini, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye taa inayowaka. Jumamosi iliita tena kuanzia alfajiri, na mtoto akavaa gauni lake la sherehe akiwa amejiuma mdomo.

Asubuhi hiyo Injinia Profesa Kitunga alikuwa ametangulia kukagua jukwaa. Bibi Siwatu alipishana naye njiani.

"Habari za safari, baba?"

"Nzuri, mama," alijibu kutoka nyuma ya kioo, "ila barabara imenivunja mgongo, na tumbo linanisokota tangu jana."

"Asante," alidakia Mzee Ngoda kwa sauti nyembamba ya kike. "Umesajiliwa: afya njema. Siku njema!"

Watu waliokuwa wakifagia uwanja walicheka wakashika mbavu. Injinia hakuona cha kuchekesha. Aliuliza choo kiko wapi.

*

Mheshimiwa Dakta Kengele, Waziri wa Afya na Furaha, hakuvaa nguo ya mpira, maana kulikuwa na kamera. Alivaa glavu tu, nyeupe, kama za bwana harusi. Alipewa glasi ya maziwa ya ng'ombe wa Tumaini, ambayo Bibi Siwatu, aliyekaa mstari wa mbele, aliyaona yakimiminwa kutoka pakiti ya duka la makao makuu iliyofichwa ndani ya sanduku la barafu. Waziri akapiga funda, akatabasamu kwa kamera, akageuka, akatema kwenye leso. Hata maziwa ya dukani aliyaogopa, kwa vile yalikuwa yamepita hewani.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kuna nchi zina hospitali. Zina madaktari. Zina vitanda! Sisi tuna kitu kikubwa zaidi ya hospitali. Sisi hatuna wagonjwa!"

Kikohozi kikapita uwanjani kutoka mstari hadi mstari. Mpiga picha akaambiwa asikinase.

"Mtambo ulipiga chafya, Taifa likajibu: Afya!"

Nyuma yake kioo kikubwa kilionyesha 100, na herufi za dhahabu zikizunguka. Mashavu akaitwa. Akapanda ngazi na maua ya plastiki, kwa sababu maua halisi ya Tumaini siku hizo yalichanua kwa namna isiyofaa kwa televisheni. Alikuwa katika ngazi ya mwisho kioo kilipozimika, kikawaka cheusi. MASHAVU WA BIBI SIWATU: MAREHEMU.

"Nani huyu Mashavu?" aliuliza Waziri.

"Ni mimi, mheshimiwa," alisema mtoto. "Shikamoo."

Waziri akamvuta Injinia kando, lakini kipaza sauti hakikuvutwa kando.

"Huyu mtoto amekufa?"

"Mashine haikosei, mheshimiwa."

"Lakini amesimama, Kitunga. Ameniamkia."

"Mheshimiwa, tukikubali imekosea kwa huyu mmoja, itaulizwa kwa wale wakazi elfu nne wa kijani. Itaulizwa tuzo. Itaulizwa kamati, itaulizwa hoteli, na aliyeweka saini ni wewe."

Waziri alimtazama mtoto, akakitazama kioo, akaitazama kamera. Kisha akavua kofia.

"Ndugu wananchi. Katikati ya furaha, msiba. Tusimame dakika moja tumkumbuke mpendwa wetu Mashavu, aliyetutoka akiwa na afya njema kabisa."

Watu wote wakasimama. Mashavu, mtoto msikivu, naye akasimama vizuri akainamisha kichwa, maua kifuani.

Baada ya dakika Waziri alishuka kumpa Bibi Siwatu mkono wa pole. "Pole sana, mama. Marehemu alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Mtoto wa adabu, baba."

Bibi aliutazama mkono ule wa glavu. Kinyaa cha tangu siku ya kata ya maji kilimjia chote kwa pamoja: kipima kilichotolewa betri, nzi juu ya kioo cha Shebe, maziwa kwenye leso. Angeweza kumtapikia Waziri viatu vyake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini gari jeupe lilikuwa limekwisha kuwashwa. Akakimeza, akaushika ule mkono.

Nesi Felista alikuja mbio na fomu ya marehemu. Kwenye *sababu ya kifo* aliandika: *Haijulikani. Tafadhali anzeni na shingo, haraka.* Akapiga muhuri, wa mwisho kabla ya zahanati kufungwa, akamkumbatia mtoto kwa nguvu kuliko inavyoruhusiwa na kanuni.

Ndani ya gari kulikuwa na meza ya chuma tu. Dereva, mtu mkimya ambaye abiria wake hawakuwahi kumlalamikia, aliwatazama wote wawili, mtoto na nyanya yake aliyepanda kumsindikiza. Akavua koti lake, akalitandika juu ya chuma. Akazima ile hewa baridi.

"Nenda, marehemu!" alipaza sauti Mzee Ngoda, machozi yakimtoka na kicheko. "Na mimi kuanzia kesho simwitikii mtu. Siwatu, tuwekeeni nafasi huko ahera!"

Langoni askari walipiga saluti. Mashavu, kupitia pazia, akainua mkono.

Bibi akaushusha taratibu. "Marehemu hawapungi, mwanangu."

*

Hospitali Kuu ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa na walinzi. Wa nyuma ulikuwa wazi, na ndimo walimopitishwa. Ndani alikuwepo daktari wa maiti, mtu mzima mwenye mvi, aliyekuwa na desturi ambayo wenzake waliicheka: kabla ya kumgusa yeyote aliyeletwa mezani, alimsalimu kwanza. Miaka mingi hakuna aliyemwitikia, naye hakuacha.

Alikuwa amewapa mgongo, akinoa kisu na kuisoma fomu.

"Habari za safari?" alisema, kama siku zote.

Bibi Siwatu alifungua mdomo. Njema ilikuwa tayari ulimini, ilizaliwa hapo miaka sabini iliyopita, haijawahi kukosa zamu. Alimwona Mashavu akimtazama, kuona nyanya yake atajibuje. Akaishika ile njema kwa meno, akaizuia.

"Mbaya, baba," alisema. "Mbaya sana."

Daktari aligeuka. Alimwona mwanamke mzee amesimama, na mtoto ameketi juu ya meza yake na maua ya plastiki.

Hakusema samahani, sijaelewa. Aliweka kisu chini. Akaanza kusugua viganja, akavisugua mpaka vikapata moto, kisha akamsogelea mtoto na kumwinua kidevu.